Mageuzi ya dhamana: twende mahakamani, twende na muswada au tusubiri katiba mpya? Nimelinganisha Tanzania, Kenya na Kanada

Mdogo wangu alikaa mahabusu miezi 11. Alikuwa keshia kwenye kampuni moja, pesa zikapungua, wakakamatwa watu 4, na hati ya mashtaka ilivyosomwa kulikuwa na wizi halafu chini yake utakatishaji fedha. Pesa zenyewe hazikufika hata milioni 10. Ila kwa sababu ya hilo shtaka la pili hakimu akasema hana mamlaka ya kutoa dhamana, basi, tukawa tunaenda kila baada ya siku 14, karandinga linaingia, wanashuka, wanasimama dakika 3, wakili wa serikali anasema upelelezi haujakamilika, wanarudishwa. Mama alikuwa anaamka saa 10 alfajiri kupika. Mwezi wa 11 shtaka la utakatishaji likaondolewa, likabaki la wizi, na siku hiyo hiyo akapewa dhamana kwa wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya NIDA. Mtu ni yule yule, kesi ni ile ile, kilichobadilika ni mstari mmoja tu kwenye karatasi.

Tangu hapo nimekuwa nafuatilia hii ishu ya dhamana kwa karibu, na kila nikikaa na watu wanaotaka ibadilike nakuta wamegawanyika makundi matatu. Wapo wanaosema tuendelee kufungua kesi mpaka mahakama ivifute hivi vifungu. Wapo wanaosema tutafute wabunge, wa chama tawala na wa upinzani, waungane walete muswada. Na wapo wanaosema bila katiba mpya hakuna kitu. Nguvu na pesa tulizonazo ni kidogo, hatuwezi kufanya yote kwa uzito mmoja, lazima tuchague tuanze na ipi. Kwa hiyo nimeziweka hizi njia pamoja, na mifano yangu ni nchi tatu ambazo kila moja ilipita njia yake.

Kwanza tuone sheria zenyewe zinasemaje, maana tofauti ya Tanzania na Kenya hapa ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kwetu mambo yako kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kile kifungu ambacho mpaka leo wengi tunakiita 148. Kina orodha ya makosa ambayo hayana dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, kunajisi, dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji fedha. Ukishasomewa kosa la kwenye orodha basi haijalishi wewe ni nani, una umri gani, unaumwa au huumwi, una nyumba au huna. Hakimu haulizwi. Na kama kosa linahusu mali ya zaidi ya milioni 10 sheria ilitaka uweke nusu ya thamani ndo utoke. Sasa ona inavyofanya kazi: anayeamua ukae ndani au utoke sio tena mahakama, ni yule anayeandika hati ya mashtaka. Mwaka 2019 mwandishi wa habari Erick Kabendera alishtakiwa makosa ambayo ndani yake kulikuwa na utakatishaji fedha, akakaa ndani tangu Julai mpaka Februari 2020, na katikati hapo mama yake mzazi akafariki na ombi lake la kwenda kumuaga likakataliwa. Hilo jambo mpaka leo linaniuma, na namfikiria mama yangu na yale mahotipoti yake.

Kenya ni kinyume. Ibara ya 49 ya Katiba yao ya 2010 inasema mtu aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana, kwa masharti ya kuridhisha, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Kosa lolote. Kabla ya 2010 mauaji, uhaini na wizi wa mabavu havikuwa na dhamana huko, kama kwetu tu. Leo hata wa mauaji anaomba, na ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuonyesha kwa nini asitoke: ataingilia mashahidi, atatoroka, maisha yake yenyewe yako hatarini na kadhalika. Mwaka 2018 Okoth Obado aliyekuwa gavana wa Migori alishtakiwa kwa mauaji na baada ya kama mwezi mmoja hivi akapewa dhamana ya shilingi milioni 5 za Kenya pamoja na wadhamini. Watu wengi walikasirika, na mimi naelewa hasira ya familia iliyofiwa. Ila kuna kitu kingine cha kuangalia pale: jaji alikaa, akasikiliza pande zote mbili, akaamua. Kwetu hicho kikao chenyewe hakipo.

Halafu ile ibara ina kipande kingine ambacho hakisemwi sana na mi nakipenda kuliko vyote, kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Hicho ndo kinamgusa mtu wa kawaida, muuza mitumba aliyegombana na askari wa kaunti.

Sasa njia.

Mahakama. Hii Tanzania ndo tumeitumia zaidi, na historia yake inavutia na inauma. Ilianza na Daudi Pete, mtu aliyenyimwa dhamana Musoma kwenye kesi ya unyang'anyi. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema kipengele kilichotumika kumzuia kinapingana na katiba, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikakubaliana naye. Ushindi mkubwa sana ule, mpaka leo wanafunzi wa sheria wanausoma. Lakini orodha haikufa. Badala ya kupungua ikawa inaongezewa, ikaja Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, ikaja ya utakatishaji fedha ya 2006, na makosa hayo yakaingia mule mule.

Mwaka 2015 wakili Jeremia Mtobesya akaishinda serikali Mahakama Kuu kuhusu kile cheti cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), yaani ile karatasi ambayo DPP akiiweka tu mezani dhamana inakufa hata kama kosa lina dhamana. Serikali ikakata rufaa, 2018 ikashindwa tena. Hapo watu tukaona mlango umefunguka. Mei 2020 ikaja kesi ya Dickson Sanga, hii ikagonga orodha yenyewe, Mahakama Kuu ikasema kifungu kinapingana na katiba na ikaipa serikali miezi 18 irekebishe. Nakumbuka siku ile nilipigiwa simu na watu watatu. Agosti mwaka huo huo, hata miezi 3 haijaisha, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu na kifungu kikabaki kama kilivyokuwa. Na mwaka huo huo wa 2020 Bunge likarekebisha sheria ya haki za msingi ili anayefungua kesi ya aina hii aonyeshe kwamba yeye binafsi ameathirika. Kwa hiyo mlango wenyewe ukawa mwembamba.

Faida ya mahakama ni kwamba huhitaji wingi wa kura, mtu mmoja na wakili mmoja mwenye moyo wanatosha kuanza. Na inalazimisha serikali ijibu kwa maandishi, jambo ambalo bungeni inaweza kulikwepa. Ila miaka inapita (Mtobesya peke yake ni zaidi ya miaka miwili toka hukumu ya kwanza mpaka rufaa kuisha), na ukishinda umeshinda kipengele kimoja, na anayeandika sheria bado ni Bunge ambalo linaweza kuja na kipengele kingine kesho yake. Mimi nawaheshimu sana wanasheria waliobeba hizi kesi, wengine bila malipo. Nikiangalia lakini kilichobaki mkononi baada ya miaka 30, ni cheti cha DPP kimefutwa na orodha ipo.

Muswada wa pamoja. Hapa Kanada ndo mfano mzuri, na nauleta kwa sababu una pande mbili ambazo watu wetu hawaziangalii. Desemba 2022 askari polisi mmoja aliuawa kwa risasi Ontario, na mmoja wa walioshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana. Nchi ikawaka. Januari 2023 viongozi wa majimbo na maeneo yote 13, wa vyama tofauti kabisa, wakamwandikia waziri mkuu barua moja wakitaka sheria ya dhamana ikazwe. Mei serikali ikaleta muswada, C-48, unaosema kwa mtu mwenye rekodi ya makosa ya ukatili na silaha, ni yeye anayepaswa kuishawishi mahakama kwa nini atoke. Tarehe 18 Septemba 2023, siku ya kwanza wabunge wamerudi kutoka likizo, baraza la chini la bunge lao (House of Commons) lote likakubali kuupitisha hatua zote siku hiyo hiyo bila hata mmoja kupinga. Chama cha serikali, wapinzani wake wakubwa Conservative, na vyama vingine vyote. Senati ikauchambua ikaongeza marekebisho, ukasainiwa Desemba 5 na ukaanza kutumika Januari 2024.

Yaani tangu muswada kusomwa mpaka kuwa sheria ni chini ya miezi 8. Hakuna kesi ya kikatiba inayoenda kasi hiyo. Wabunge wakiungana, sheria inabadilika haraka, hilo halina mjadala.

Ila tazama imebadilika kwenda upande gani. Ilikazwa. Na kwenye lile baraza la chini haikupita hata kwenye kamati, wale mawakili wa utetezi na watu wanaofanya kazi na mahabusu hawakupata pa kusemea mpaka ilipofika Senati. Oktoba 2025 ukaletwa muswada mwingine wa kukaza tena. Sisemi walikosea kuwalinda watu wao, familia ya yule askari ilistahili kusikilizwa. Ninachosema ni kwamba umoja wa vyama hauna upande, unaweza kumtoa mtu ndani na unaweza kumfungia, na mara nyingi vyama vinaungana haraka pale ambapo watu wana hofu. Sasa jiulize kwetu, siku ambayo Bunge zima litasimama pamoja kuhusu dhamana, litakuwa limesukumwa na nini? Kama ni baada ya tukio baya la mauaji au ubakaji wa mtoto, usitegemee orodha ipungue.

Kenya nao wana funzo la hii njia, ila la kinyume. Desemba 2014 baada ya mashambulizi ya kigaidi serikali ilileta sheria ya marekebisho ya usalama. Upinzani ukakataa, tarehe 18 bunge likageuka uwanja wa ngumi, naibu spika akamwagiwa maji, na sheria ikapita hivyo hivyo kwa nguvu ya wingi, kesho yake ikasainiwa. Ndani yake kulikuwa na kipengele kinachoruhusu mtu aliyepewa dhamana asitoke kwanza kwa sababu DPP amesema anataka kuipinga. Muungano wa upinzani wa CORD ukaenda Mahakama Kuu na Februari 23, 2015 majaji watano wakafuta vifungu 8, hicho cha dhamana kikiwemo, wakisema kinapingana na ibara ya 49. Wingi peke yake ulidumu miezi miwili.

Na kilichowaokoa ni ile ibara. Ndo maana nakuja kwenye njia ya tatu.

Katiba kwa maridhiano. Kenya hawakuipata ibara ya 49 kwa sababu viongozi wao walikuwa na roho nzuri kuliko wetu. Waliipata baada ya damu ya 2007 na 2008, watu zaidi ya 1,000 wamekufa, ndo vyama hasimu vya PNU na ODM wakakaa kwenye serikali moja. Kamati ya wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ikaandika rasimu, Januari 2010 kamati ya wabunge kutoka pande zote, mwenyekiti Abdikadir Mohamed, ikajifungia Naivasha kuijadili. Walibishana sana kuhusu madaraka ya rais na ugatuzi. Kisha Aprili 1 bunge zima likaipitisha bila kubadilisha hata neno, sio kwamba hakukuwa na waliotaka kubadilisha, marekebisho yaliletwa karibu 150 na hakuna hata moja lililopata kura 145 zilizohitajika. Agosti 4 wananchi wakapiga kura, asilimia 67 wakasema ndiyo.

Hapo kuna kitu nataka ukione vizuri. Waliokaa Naivasha walitoka pande zote, na hakuna aliyejua kesho nani atakuwa Ikulu na nani atakuwa rumande. Mtu asiyejua kesho atakuwa upande gani wa nondo anaandika sheria ya dhamana kwa uangalifu. Kwa maoni yangu hii ndo sababu ile ibara imeandikwa pana vile.

Sisi tulifika karibu na hapo. Bunge Maalum la Katiba, Dodoma 2014, mwenyekiti Samuel Sitta, vyama vyote ndani ya ukumbi mmoja, rasimu ya Tume ya Warioba mezani. Aprili 16 UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje, hawakurudi. Oktoba ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa bila wao, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo imelala. Ugomvi ulikuwa Muungano uwe na serikali mbili au tatu, haki za mshtakiwa hata hazikuwa kwenye ubishi mkubwa, ila zikazama na meli yote. Hiyo ndo hatari ya njia hii, unaweka dhamana kwenye kapu moja na muungano na madaraka ya rais, kapu likianguka kila kitu kinavunjika.

Na Kenya kwenyewe sio peponi, nisidanganye mtu. Haki ipo ila bei ipo pia. Hakimu anaweza kusema dhamana ya pesa taslimu elfu 50 au bondi ya laki moja na mdhamini, na kwa mama mboga hiyo elfu 50 ni sawa na kunyimwa. Bondi inataka hati ya shamba au logbuku ya gari, ikathibitishwe ardhi, karani awepo, siku zinapita mtu yuko rumande huku ameshapewa dhamana. Ndo maana mwaka 2015 Mahakama, enzi za Jaji Mkuu Willy Mutunga, ilitoa mwongozo wa dhamana na bondi, kuwakumbusha mahakimu kwamba masharti yaangalie uwezo wa mtu. Sisi huku kwenye makosa yenye dhamana tuna utaratibu wa wadhamini wenye barua za mtaa ambao kwa maskini wakati mwingine ni rahisi kuliko pesa taslimu ya Kenya. Hilo tukiandika sheria mpya tusilitupe.

Sasa uchague ipi, inategemea wewe ni nani.

Kama una ndugu ndani leo, hizi njia tatu zote ni mbali kwako. Tafuta wakili aangalie hati ya mashtaka, hasa kama hilo shtaka lisilo na dhamana lina maelezo ya kutosha au limewekwa tu, na aandike kwa DPP. Kwetu ndivyo ilivyokuwa, barua nne, ya nne ndo ilijibiwa.

Kama wewe ni mwanasheria au uko kwenye shirika la haki, kesi ziendelee lakini zilenge vitu vidogo ambavyo Bunge halitaona haja ya kuvirudisha, kama muda wa upelelezi. Kuipiga orodha yote kwa mkupuo tumeshajaribu.

Kama una mbunge anayekusikiliza, na awe wa chama chochote, mimi ningeanza hapa. Muswada mfupi, usiogusa siasa. Najua mtu atasema Bunge letu tangu 2020 karibu lote ni la CCM, huo ushirikiano wa vyama utatoka wapi, na Tundu Lissu mwenyewe Aprili 2025 amesomewa uhaini, kosa la kwenye orodha hiyo hiyo, nani wa CCM atathubutu. Swali la haki kabisa. Ila nenda kwenye foleni ya kuona mahabusu siku ya Jumamosi uone kofia na kanga za kijani zilizopo. Wafanyabiashara, wahasibu wa halmashauri, watoto wa madiwani, utakatishaji fedha umewapitia wote. Freeman Mbowe alikaa na kesi ya ugaidi toka Julai 2021 mpaka Machi 2022, masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa miaka mingi mpaka DPP alipoondoa mashtaka Juni 2021, hao tunawajua kwa majina. Wengi zaidi hatuwajui na kura zao walipiga CCM. Mbunge anayewawakilisha hao hahitaji kuwa mpinzani ili aone tatizo.

Na katiba ibaki ndo lengo, kwa sababu Kenya 2015 imeonyesha kwamba bila ibara hata sheria nzuri inaweza kufutwa na wingi wa kura wa siku moja.

Huo muswada mfupi mimi ningeuombea vitu vitatu tu. Orodha ibaki kama inabidi, ila hakimu au jaji apewe uwezo wa kusikiliza ombi kwa kila kosa, na upande wa mashtaka utoe sababu. Mahakama yoyote iliyopewa kesi isikilize na dhamana yake, mtu asisubiri miezi kwa kuwa aliyepo mbele yake hana mamlaka. Na upelelezi uwe na ukomo ambao ukipita mtu anatoka kwa wadhamini, bila visingizio. Mdogo wangu angetoka mwezi wa pili.

Kesi yake ya wizi bado inaendelea, tarehe ijayo ni wiki ijayo Jumatano, na tangu apate dhamana hajakosa kufika hata mara moja.